Macho Mekundu Si Ushahidi

Mfyuuu! Haya mambo ya mjini haya. Mtungi wa gesi umepotea kwenye ile nyumba ya kupanga nyuma ya msikiti, na kabla muuza kahawa hajamaliza kumimina raundi ya kwanza, mwizi keshajulikana. Nani? Yule kijana wa rasta wa chumba cha uani. Ushahidi? Ana rasta. Ushahidi wa pili? Akipita hasalimii. Kesi imekwisha, hukumu imetoka, lete kashata.

Bahati yake kijana, kijiweni kwetu yupo mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa hadithi za upelelezi tangu enzi ya kaptula. Huyo hata ukimwambia mvua imenyesha Mbagala atakuuliza umejuaje. Wengi wanamwona msumbufu. Siku hiyo aliweka kikombe chini akauliza swali moja: "Regulata iko wapi?"

Mama mwenye mtungi, ambaye alikuwa amekuja kutumwagia hasira zake, akasema regulata ipo, iko juu ya kabati, na mpira wake umeviringishwa vizuri. Mwalimu akatikisa kichwa. "Sasa bibie, mwizi gani huyo? Kaingia kuiba, kafungua regulata taratibu, kaviringisha mpira, kaupandisha kabatini watoto wasiuchezee, ndipo akabeba mtungi? Mwizi ana haraka. Huyo aliyefanya hivyo ni mwenyeji, tena anategemea kurudisha." Mama aliondoka bila kuaga. Jioni tukasikia mume wake mwenyewe ndiye aliyeuweka mtungi rehani ili apate hela ya kubeti, na mkeka ukachanika dakika za majeruhi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anawabeza wapenzi wa hadithi za upelelezi, eti wanapoteza muda na vitabu vya kuuana, namwangalia mara mbili. Mtu aliyelelewa na vitabu vile ana ugonjwa mmoja mzuri: hawezi kumeza jina la mhalifu bila kuuliza limetoka wapi.

Na sisi wa Bara tulilelewa na vitabu hasa, maana televisheni hatukuwa nayo hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na ndugu zetu hao walituringia mpaka basi. Huku tukabaki na karatasi. Kulikuwa na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965. Akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kazi katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Kijana wa serikali, nadhifu, bastola haiko mbali. Akafuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na watoto wa kiume mtaa mzima wakaanza kutembea kwa kuangalia nyuma kana kwamba wanafuatwa.

Kitabu kimoja kilizunguka mtaa. Jalada lilichakaa, likavalishwa gazeti, na mwisho kikakufikia wewe wa mkiani. Unakesha na koroboi, washukiwa wote wamekusanywa sebuleni, mpelelezi anafungua mdomo ataje jina, unafunua... karatasi hakuna! Kurasa za mwisho zimefungia karanga. Na afadhali hata muuza karanga, ana njaa yake. Kuna yule mwanaharamu aliyeandika kwa kalamu ukurasa wa kwanza kabisa: "Muuaji ni daktari." Huyo sheria haijamtungia adhabu ya kumtosha.

Lakini ule upungufu ulitufunza. Kitabu kisicho na mwisho kilimaliziwa kijiweni: kila mtu anamtaja muuaji wake, na ukimtaja lazima uonyeshe ukurasa. Aliitazama saa wapi? Nani alijua kwamba mlango wa nyuma haufungwi? Huna ukurasa, kaa chini unywe kahawa yako.

Kwa mwalimu, lakini, Willy Gamba na Joram ni watoto wa juzi. Mtu wake ni Bwana Msa. Aliyemtunga ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la kuandika hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Bwana Msa hakimbizani na magari. Ana kiko, ana subira, na ana rafiki yake Najum wa kuuliza yale ambayo sisi wasomaji tungeyauliza.

Wajuaji watasema kaigwa Sherlock Holmes. Sawa, kiko kinafanana, na rafiki wa pembeni anafanana. Ila angalieni alikopelekwa. Maiti ikiokotwa London, watu huanza kwa kuuliza nani kaua. Huku kwetu maiti ikikutwa mzimuni, jibu lipo kabla ya swali: mzimu umekasirika, nani kakwambia upite pale? Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968, jina lake tu linamtosha Mzanzibari, maana Giningi ndiko wanakosemwa wachawi kukutana. Bwana Msa anaingia humo humo kwenye hofu za watu na kuuliza mambo ya duniani: nani alikuwa na kisa na marehemu, nani atarithi, nani alionekana wapi. Kazi yake nzito kuliko ya Sherlock. Sherlock anatafuta jibu. Msa lazima kwanza aling'oe jibu lililokwisha kuota mizizi.

Na hapa mcheke kidogo. Arthur Conan Doyle, daktari aliyemtunga Sherlock, mpelelezi asiyeamini kitu mpaka akipime, yeye mwenyewe aliamini pepo. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walianza kupiga picha za vijitu vyenye mabawa vinavyocheza bustanini. Doyle akaamini, akavitetea magazetini, akaviandikia kitabu kizima mwaka 1922. Mmoja wa wale wasichana, tayari ni bibi kizee, alikuja kukiri mwaka 1983: vilikuwa vipande vya karatasi vilivyoshikizwa kwa pini za kofia. Mfyuuu! Halafu tunaambiwa ushirikina ni wetu peke yetu.

Tusimwonee, hata hivyo. Mtu huyo huyo aliwahi kuutoa upelelezi kitabuni akauleta mtaani. George Edalji, wakili kijana, baba yake kasisi mwenye asili ya Kihindi, alihukumiwa mwaka 1903 kifungo cha miaka 7 kwa madai ya kuwajeruhi mifugo usiku mashambani. Alitoka 1906, jina limeharibika. Doyle akapanga kukutana naye hotelini London. Akachelewa, na alipofika akamwona Edalji kwa mbali anasoma gazeti, amelisogeza karibu na uso kabisa, tena kwa upande. Doyle daktari, na macho alikuwa ameyasomea. Akajiuliza: mtu asiyeona gazeti mpaka aligusishe pua, alivukaje mashamba na reli gizani amfuate farasi? Aliandika gazetini mpaka serikali ikasalimu amri: mwaka 1907 Edalji akasamehewa, ingawa fidia hakupewa hata senti. Kesi ile ilisaidia kuzaliwa kwa mahakama ya rufaa za jinai Uingereza mwaka huo huo. Macho ya mtu yalikuwa hapo siku zote, wazi. Walioyatazama wakaona rangi ya ngozi.

Mwalimu akifika hapo hachekeshi tena, kwa sababu sisi nasi tuna kesi yetu ya macho. Usukumani, kwa miaka mingi, bibi vizee wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mekundu, basi mchawi. Mtoto wa jirani kafa, basi kamroga yeye. Aingie Bwana Msa kwenye kesi hiyo. Wala hahitaji kiko. Ainame tu, apite mlango wa jiko la bibi, avute pumzi moja. Jiko halina dirisha. Mafiga matatu, kuni mbichi, zikiisha ni kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Bibi amepikia watoto, amepikia wajukuu, na moshi huo huo umemchoma macho maisha yake yote. Macho mekundu ni ushahidi, ndiyo. Ushahidi wa ugali mnaoula.

Na aliyekwishapita jikoni angeuliza swali la pili, lile la kila kitabu: bibi akifa, shamba linakwenda kwa nani?

Dogo wa bodaboda alikuwa anasikiliza huku anachezea simu. "Mwalimu, hayo ya kiko yamepitwa. Siku hizi kuna kamera, kuna vinasaba, kuna klipu. Mtu anaonekana live." Kijiwe kikamuunga mkono. Mwalimu akasema klipu inakuonyesha mtu anakimbia. Haikuambii anamkimbiza nani au anakimbizwa na nani. Ni wangapi wamepigwa mawe hapa mjini kwa sababu walikuwa wanakimbilia daladala, mtu nyuma akapaza sauti ya "Mwizi!"? Tairi likishawashwa hakuna sehemu ya pili.

Ndipo akaleta habari za Columbo. Wapenzi wa televisheni wanamjua: yule polisi wa Los Angeles wa koti lililokunjamana, aliyechezwa na Peter Falk, mfululizo wake ukaanza kurushwa 1971. Falk jicho la kulia lilikuwa la bandia. Alipoteza lake akiwa na miaka mitatu. Na utamu wa Columbo ni huu: muuaji unamwona tangu dakika za mwanzo. Unamjua, unamshuhudia kabisa anaua. Kamera ipo, dogo! Na bado inakuchukua saa nzima na zaidi kumwona Columbo akihangaika, kwa sababu kumjua mtu ni jambo moja na kumthibitisha ni jambo lingine. Anarudi mlangoni, anakuna kichwa, anauliza kijambo kimoja cha mwisho. Mwalimu anasema yule jamaa wa jicho moja aliona kuliko kijiwe chote hiki chenye macho mawili mawili.

"Lakini sinema bwana," muuza kahawa akadakia, "mle muuaji anapatikana kila siku. Hapa kuku wangu wameibwa tangu mwaka juzi mpaka leo kimya." Kweli, na hilo ndilo deni la hadithi hizi: zinatuzoesha kwamba kila fumbo lina ukurasa wa mwisho. Halina. Ila kama ukurasa wa mwisho umechanwa, haikupi ruhusa ya kuandika jina la mtu yeyote unayemchukia. "Sijui" nayo ni jibu, na ni nani aliyewahi kuchomwa moto kwa sababu ya "sijui"?

Dogo kakubali shingo upande, akamsogelea mwalimu. "Haya, basi nidokeze. Kwenye hicho cha mzimuni, muuaji ni nani?" Mwalimu akamweleza kwamba London kuna mchezo wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulioanza kuonyeshwa jukwaani 1952, na hadi leo watazamaji wakimaliza huombwa wasimtaje muuaji huko nje.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kasome. Na ukikuta kurasa za mwisho hazipo, njoo na za mwanzo, tutakusikiliza."