Asilimia Ishirini ya Ukwaju

Ukimuuliza mwanafunzi wa masoko wa chuo chochote hapa Dar es Salaam kwa nini alichagua kozi hiyo, atakwambia anapenda ubunifu, anapenda watu, anataka kujiajiri. Mnunulie soda, umuulize tena. Sasa atakwambia ukweli: hesabu. Alianza kuzikimbia kidato cha pili, BAM ikamkimbiza kidato cha tano na sita, akaona masoko ndiko kwenye kichaka cha kujificha. Anafika chuo, anasoma ratiba ya muhula wa kwanza, anakuta Jumatatu saa mbili asubuhi Usimamizi wa Masoko, na saa nne, ukumbi uleule, Hisabati za Biashara. Hata nafasi ya kwenda kunywa chai hakuna.

Kwetu saa mbili ukumbi ulikuwa unajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Madam wa masoko alikuwa anatembea katikati ya viti akieleza zile P nne za McCarthy, Mmarekani aliyezipanga mwaka 1960, kama anayetusimulia habari za shemeji yake. Saa nne anaingia Mwalimu wa hesabu, mzee mpole anayetembea na chaki zake mwenyewe mfukoni kwa kuwa za chuo haziamini, na nusu ya ukumbi inakumbuka ghafla kwamba ina msiba.

Msahafu wetu ulikuwa kitabu cha usimamizi wa masoko cha Philip Kotler, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1967. Sisi tulikuwa na madesa yake, kopi ya kopi ya kopi, michoro yote imegeuka wingu la mvua. Jambo ambalo hakuna aliyetudokeza ni kwamba Kotler huyo alichukua shahada ya uzamivu ya uchumi pale MIT, kisha akaenda Harvard kujinoa zaidi kwenye hisabati. Tumeruka majivu, tumekanyaga moto.

Basi Madam akatoa kazi ya vikundi: kila kundi lianzishe biashara ndogo chuoni, liiendeshe hadi mwisho wa mwezi, lilete ripoti. Kundi letu la watu sita likachagua juisi ya ukwaju. Mimi nilichaguliwa mhazini kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu. Mwenyekiti, kijana wa Morogoro asiyevua koti hata mwezi wa Januari, alisema hakuna biashara bila chapa. Likachapwa bango la shilingi 30,000 na fulana sita za shilingi 10,000 kila moja. Kabla hatujagusa hata kilo moja ya ukwaju, 90,000 ilikuwa imeshakwenda.

Juisi yenyewe ilikuwa tamu, niseme haki. Aliitengeneza dada mmoja wa Tanga: anachemsha ukwaju, anaufikicha kwa mkono, anachuja mara mbili, halafu tangawizi na hiliki kwa mbali. Ukijumlisha sukari, barafu na kikombe, glasi moja ilitugharimu 350. Tukauza 500. Watu wakanywa, wakarudi.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoka kwenye kipindi cha promosheni macho yakiwaka. Tupandishe bei kwa asilimia 20 iwe 600, akasema, kesho yake tutangaze punguzo la asilimia 20, turudi palepale kwenye 500. Mteja anafurahi, sisi hatupotezi kitu. Kundi zima likapiga makofi. Manila ikaandikwa kwa maka pen nyekundu, ikabandikwa.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa sheria. Akaisoma manila, akatoa simu, akapiga hesabu, akaweka sarafu ya 500 mezani. "Mia nne na themanini. Naomba chenji yangu."

Shilingi 20! Msomaji, mara ya mwisho kushika sarafu ya shilingi 20 ilikuwa lini? Tukamweleza kwamba bei ni ileile ya zamani. Akatuonyesha simu: asilimia 20 ya 600 ni 120, si 100. "Kaka, mimi sidai hisani, nadai haki," akasema, na nyuma yake foleni ikaanza kuvutiwa na kesi. Mwenyekiti akanong'ona, "Mpe pipi."

Akapewa pipi. Kuanzia hapo kila aliyekuja alitaka juisi na pipi yake. Pipi tulikuwa tunanunua kwa Mangi wa getini, shilingi 50 moja. "Wasomi, leo niwafungie ngapi?" alikuwa anatuuliza, kwa heshima nyingi mno. Mangi hajasoma P hata moja, na kwenye mradi wetu ndiye pekee aliyepata faida.

Daftari liliponichanganya nikamfuata Mwalimu wa hesabu. Akatoa chaki mfukoni, akagawa ile 90,000 kwa kinachobaki kwenye kila glasi. Kwa bei ya 500 tungehitaji glasi 600 kurudisha pesa. Kwa 600, glasi 360. Kwa 480, glasi 693. Kwa 500 yenye pipi ndani yake, glasi 900.

"Mmeuza ngapi?"

"Mia mbili na kidogo, Mwalimu."

Akanitazama kifuani. "Na hiyo fulana?"

"Elfu kumi."

"Basi umevaa glasi mia moja."

Ripoti yetu ilipata A. Pembeni ya aya ya pipi Madam aliandika kwa wino wa kijani: wazo zuri la kumridhisha mteja. Kwenye hesabu, Mwenyekiti na wenzake wawili wakala sapu. Walimu wale walikuwa wanapishana mlangoni kila Jumatatu, wanasalimiana vizuri, na hakuna aliyewahi kubaki kusikiliza kipindi cha mwenzake. Kwa maoni yangu hizo ni kozi moja iliyokatwa vipande viwili kwa ajili ya ratiba, na ada tunalipia kipande kimoja kimoja.

Fulana zimebaki nne, zote saizi kubwa, rangi ya ukwaju. Anayehitaji anitafute. Bei ni 10,000, punguzo hakuna, na uje na hela kamili.