Muulize Bi Waya: Bayosi na Mikono Inayowasha

*Shikamoo Bi Waya. Kompyuta yangu ni nzima, lakini shemeji anasema nikiipandisha bayosi toleo jipya itakimbia kama mpya. Faili nimeshalipakua. Nianze? — Mwenye Haraka, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mashine nzima unaitafutia ugonjwa wa nini? Bayosi ni ile programu inayoamka kabla ya Windows, ikakagua memori, diski na kibodi. Toleo jipya huziba tundu la usalama, hurekebisha kasoro au huiwezesha mazabodi kutambua prosesa mpya. Ujana hairudishi. Kama maelezo ya mtengenezaji hayana linalokuhusu, mwambie shemeji aanze na ya kwake.

Ukilazimika, soma modeli kwenye mazabodi yenyewe, pamoja na ile "rev" iliyoandikwa pembeni kwa herufi za kusumbua macho. Rev 1.0 na rev 2.0 zinaweza kuwa na jina moja na mafaili tofauti. Chukua faili kwa mtengenezaji tu. Piga picha kurasa za mipangilio kwa simu, maana mara nyingi hurudi ya kiwandani. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, isitishe kwanza, na ule ufunguo wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi. Kuna watu huuhifadhi ndani ya diski ileile iliyofungwa, nami nimeshaacha kuwauliza sababu.

Sasa umeme. Bayosi ya zamani hufutwa ndipo mpya iandikwe. Umeme ukikatika katikati, chipu hubaki na vipande, na kompyuta haiwaki tena mpaka fundi aiandike kwa kifaa maalumu. Mwaka 1999 kirusi cha CIH kilifuta bayosi za watu makusudi. Siku hizi tunajifutia wenyewe. Laptopu ichomekwe chaja na betri iwe imejaa. Ya mezani iwe kwenye UPS uliyoijaribu jana kwa kuichomoa ukutani, siyo ile inayolia "pii" na kuzima papo hapo. Asilimia zikiganda, usiguse kitufe. Kanywe chai, mbali na meza.

*Bi Waya, niliweka nenosiri la bayosi kwenye laptopu ili watoto wasiichezee. Nimelisahau. Fundi anataka kutoa betri ya saa. — Baba Wawili, Mombasa*

Pole baba, ulinzi wako umefanya kazi kupita kiasi. Kutoa ile betri ya CR2032 husaidia kwenye kompyuta nyingi za mezani. Laptopu nyingi huweka nenosiri kwenye chipu isiyotegemea betri, hivyo fundi atafungua skrubu bure na kukutoza. Peleka risiti kwa mtengenezaji. Ila kabla ya hapo waulize watoto, yawezekana wanalijua.

*Dada, niliona video, nikabadilisha mpangilio wa diski kutoka RAID kwenda AHCI. Sasa Windows inaleta skrini ya bluu tu. Fundi anasema tufomati. — Nimechoka, Dodoma*

Msifomati chochote! Diski haina kosa. Windows iliandaliwa kuamka na dreva ya RAID, ukaibadilishia mlango usiku. Washa, gonga F2 au Delete uingie kwenye bayosi, rudisha RAID, hifadhi kwa F10. Kisha mwulize huyo fundi kufomati angekutoza shilingi ngapi.