Lango la Asiyeshuka

Waingereza, ambao hawakupata kamwe kutaabika kwa uhaba wa sheria, waliandika mwaka 1980 ya kwamba lango lililo katika njia ya wapanda farasi lisipungue upana wa futi 5. Na mafundi wao, kwa kumhurumia bwana aliye juu ya tandiko, wakaurefusha mkono wa komeo hata ukamfikia kiganjani, wakazipindua bawaba kidogo ili lango lijifunge lenyewe kwa uzito wake.

Kwetu Miritini farasi ni adimu na bodaboda ni tele, na ijapokuwa tangu 2017 treni ya Nairobi yafika stesheni yetu pasi na abiria hata mmoja kuombwa ashuke njiani kuifungulia, njia za mashamba zingali zafungwa kwa mnyororo, waya na jiwe, na la kutegemewa katika hayo ni jiwe.

Wala tusidhaniwe kuwa hatuna hekima. Mpanda pikipiki wetu hashuki asilani: hupiga honi tu, na abiria, aliyekwisha kupatana nauli kamili, tena ana mtungi wa gesi mapajani, ndiye ateremkaye, akafungua, akangoja chombo kipite, akafunga mbuzi wasitoroke, kisha akapanda na kushukuru.

Mwenye shamba akinasihiwa habari za bawaba hizo, huuliza kwa taadhima: ikiwa kila apitaye atafungua bila kushuka, huyo mwizi naye atachelewa wapi?