Thamostati Kwenye Sufuria ya Chai

Gari likiugua Mji wa Kale wa Mombasa halina siri. Nairobi mtu hutangaza "injini haijafunguliwa" na mnunuzi akaamini, maana nani atabisha? Huku, siku boneti inapofunguliwa, mtaa mzima huja kutazama matumbo.

Nalo la kwangu lina matumbo ya kutazamwa. Ni Corolla NZE, gari dogo lenye buti, injini ya lita 1.5, lililoshuka Kilindini kutoka Japani likiwa bado kijana kama sheria ya miaka 8 inavyotaka. Wenzake walishika njia ya bara. Hili likabaki kisiwani na upepo wa chumvi, foleni ya Digo Road, na pantoni ya Likoni, ambayo maji yakipwa mteremko wake husimama wima na kukwangua bampa la kila gari fupi. Nimewaona watu wazima wakisubiri maji yajae kabla ya kwenda arusini Mtongwe, na hawana mtumbwi.

Waliolitengeneza hawana kosa. Kosa ni la bwana mmoja aliyelimiliki kabla yangu, aliyeona kulanti ni israfu na kisima kipo uani. Maji ya visima vya mjini yana chumvi. Hata chai yake unaijua kwa ulimi. Radieta ya aluminiamu ikinyweshwa maji hayo miaka huliwa taratibu kwa ndani, vijia vikaziba, na ukifungulia chini kinatoka kitope cha kahawia.

Hivyo gari huchemsha, na mahali pake pa kuchemsha ni Ndia Kuu. Kwenye barabara ya wazi upepo husaidia kupoza radieta. Katikati ya kuta za Mji wa Kale, unapotambaa nyuma ya mkokoteni wa maji, kazi yote ni ya feni, na feni yangu ilikuwa imeshastaafu. Mshale ulipanda, mvuke ukatoka, gari likazima. Nyuma yangu tuktuk, nyuma ya tuktuk mkokoteni mwengine, na pande zote mbili mabaraza yaliyojaa wataalamu.

"Usifungue kifuniko, mwanangu! Kitakubabua uso!"

"Ni hedi gaskiti hiyo. Mimi naijua harufu yake."

"Ni jicho. Ulipoinunua uliisomea dua?"

Fundi akaitwa kutoka Bondeni, kijana mwenye spana moja mfukoni na imani kubwa. Alichomoa kidude cha shaba na chuma kinachoingia kiganjani, akakinyanyua juu. "Ami, hii ndiyo mchawi wako. Thamostati. Hii waliweka kwa sababu ya baridi ya Japani. Mombasa ni joto, tunaitupa."

Hayo utayasikia kwa mafundi wengi wa pwani, na kwa haraka yana mantiki. Lakini barazani alikuwepo mzee aliyefanya kazi chumba cha injini melini, naye alikaribia kumeza kikombe cha kahawa. "Atupe nini? Huo ni mlango! Unazuia maji mpaka injini ipate moto wake, kisha unafunguka. Ukiutoa, injini inafanya kazi baridi na petroli unainunua wewe. Kwanza ijaribiwe. Itiwe maji ya moto."

Maji ya moto yaliyokuwa karibu yalikuwa ya mama muuza mahamri.

"Sufuria ya chai ya watu hiyo!"

"Yatachemka, bi mkubwa, uchafu utakufa."

"Na wateja wangu je, nao watakufa?"

Tulikubaliana shilingi 200, maji na makaa ndani yake. Fundi akakifunga kidude uzi, akakiteremsha polepole. Ndani yake mna nta inayovimba kwa joto na kusukuma kizibo. Ya injini hii hutakiwa kuanza kufunguka karibu nyuzi 82. Watu waliinama juu ya sufuria. Mwenye tuktuk aliacha kupiga honi akaja kuona. Maji yakaanza kutoa povu, yakachemka, yakarukaruka, na kizibo kikabaki kimefumba vile vile. Baraza la mkono wa kulia lilipiga makofi kama kipa wao amedaka penalti. Fundi alisema ndiyo yale yale aliyosema yeye. Mzee akasema siyo.

Thamostati mpya ilikuwa shilingi 1,500, na maduka niliyoyajua kisiwani hayakuwa nayo. Ikaagizwa Nairobi. Fikirini: ilishuka kwenye bandari yetu, ikapanda karibu kilomita 500, ikarudi kwa basi, na nauli nikalipa mimi ninayesikia honi za meli kitandani. Radieta, 9,000. Mota ya feni, 3,500. Kulanti, 1,800. Kisha ile iitwayo "kazi", 2,500, isiyo na risiti wala maelezo. Ya bushi na shoki siyataji, kwa sababu mke wangu husoma gazeti hili.

Gari sasa limetulia, nikaona niliuze lingali na afya. Jirani alikuja baada ya alasiri, akavua viatu, akanywa kahawa yangu, akaanza kupunguza kwa tasbihi. Radieta ni mpya, lakini si orijino, punje ikaenda. Feni ni ya mtumba, punje. Hedi gaskiti hakuna aliyeithibitisha; punje mbili. Dua halikusomewa, hiyo aliipa punje tatu. Alipomaliza alinitajia bei ambayo kwa heshima yake siiandiki.

Mwenye mkokoteni wa maji, aliyekuwa akipumzika kivulini na hakuna aliyemuuliza, akasema yeye angetoa nusu ya hiyo, ila betri iwe ndani.