Madaktari Bingwa wa Kando ya Barabara

Gari likizima Ubungo, boneti haijafunguliwa umeshapata madaktari bingwa. Muuza maji anasema plagi, bodaboda anasema betri. Betri gani, na starta inazungusha injini vizuri? Injini ya petroli hudai mafuta, hewa na cheche kwa wakati wake. Washa swichi, usikilize pampu, ambayo magari mengi huificha ndani ya tenki. Ikinyamaza, anza na fyuzi yake. Injini ikizima ikiwa moto na kuwaka ikishapoa, shuku sensa ya krenki. Lakini nani asikilize, na fundi ameshaagiza plagi nne mpya? Mshale wa mafuta, kwa taarifa yenu waheshimiwa, umelala kwenye E. Tieni lita 5 kwanza.