Sifa za Kabureta Mlalamishi

Wenzangu huwasifu wachumba wao na timu zao za mpira. Mimi sifa zangu nazipeleka chini ya tangi la pikipiki, kwa kabureta, kijichuma kisichozidi ngumi yangu, ambacho kimenichelewesha misibani na harusini kuliko mvua zote za Bukoba. Na mvua za Bukoba mnazijua.

Nianze na ukweli wake. Pikipiki yangu niliinunua Dar es Salaam, ikaletwa huku juu ya lori. Kule ilikuwa ikiruka kama swala. Hapa, mlima wa kwanza wa kwenda Kibeta, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikamtukana aliyeniuzia. Kumbe namsingizia bure. Mji wa Bukoba, hata ukisimama ufukweni kabisa, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua kama sehemu moja ya nane ukilinganisha na ya Kariakoo. Kabureta aliyezoea pwani aliendelea kupima petroli ya pwani kwa hewa ya kwetu. Miaka yote niliyoishi hapa, mwalimu hakuniambia kwamba navuta hewa pungufu, wala daktari. Kabureta aliniambia siku ya kwanza.

Tuutendee haki na mlima: kila mita 100 unazopanda hupunguza hewa kwa asilimia 1 tu hivi. Mlima hauleti ugonjwa, unauanika. Ukiwa na abiria na mkungu wa ndizi, ukavuta mafuta mpaka mwisho, hapo siri yote inatoka.

Fundi alichomoa plagi, nyeusi kama kitako cha chungu. "Huyu anakula sana, mzee," akasema. Akaishusha sindano ya kabureta pengo moja ili petroli ipite kidogo, akafungua skrubu ya hewa robo mzunguko, akainamisha kichwa kusikiliza mngurumo kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Kisha tukapanda mlima, tukazima ghafla katikati, tukachomoa plagi tena. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa na pistoni itaungua. Ikiwa nyeusi, imevimbiwa. Inayotakiwa ni rangi ya kahawa iliyokaangwa. Kati ya rangi zote duniani, kabureta kachagua zao letu! Nani tena atasema si mwenyeji?

Na ana wazee hapa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wafua chuma wa Buhaya, ambao karibu miaka 2,000 iliyopita walipuliza hewa kwa mivuo kupitia mirija ya udongo mpaka ndani ya tanuri. Hewa kidogo, chuma hakitoki. Fundi wangu na bisibisi yake anaendeleza mabishano yaleyale na moto.

Najua ziko pikipiki mpya zisizo na kabureta. Kompyuta yao inapima hewa yenyewe na kunyamaza. Ni bora, sikatai. Ila zikigoma, fundi wetu anabaki kuzitazama kama mgeni asiyejua salamu za Kihaya. Halafu zinapanda Kibeta bila kusimama, kwa hiyo mwenyewe hamjui mtu yeyote njiani. Mimi nimezimikiwa mbele ya karibu kila nyumba. Nimepewa viti, nimetafunishwa kahawa, nimeulizwa ukoo wangu, na mahali pamoja nimekuta shangazi nisiyemjua.

Jumapili naelekea Kamachumu, kule Muleba. Mwenye bisibisi bapa ndogo aniazime, maana yangu iliangukia kwenye migomba na sijaiona tena.