Sifa za Filamu Iliyododa

Sokoni Kisangani samaki ana bei mbili. Ya asubuhi ni ya wenye hoteli na wenye mishahara. Ya jioni, jua likishainama huko mto unakoelekea, ni ya watu wengine wote. Samaki ni yuleyule, kavuliwa kwenye maporomoko yaleyale ya Wagenya, ila kushinda juani bila mnunuzi kumemshusha cheo. Amedoda. Muuzaji anamtazama kwa hasira kana kwamba samaki ndiye aliyekataa kununuliwa, halafu anataja bei ambayo saa nne asubuhi ingekuwa tusi. Usiku huo nyumba ambayo haikutarajia kitoweo inakula.

Filamu nazo hudoda, na kwa karne nzima hazijapata mtu wa kuzisifu.

Watu wa Hollywood wana haraka kuliko wauza samaki. Filamu iliyochukua miaka mitatu kutengenezwa hupewa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, kuthibitisha kwamba ilistahili kuzaliwa. Tiketi zisiponunuliwa, Jumatatu magazeti yanatangaza msiba na simu ya mwongozaji inaacha kulia. Ni nani lakini aliyewahi kuhesabu mema ya marehemu? Filamu iliyododa huchukua mamilioni kwa watu wasioyahitaji, ikayagawa kwa maseremala, mafundi wa taa, wapishi, washona nguo na wachunga farasi, kisha ikakataa katakata kuyarudisha. Serikali nyingi zimejaribu kuwafanyia matajiri jambo hilo kwa njia ya kodi. Zimeshindwa.

Kisangani ina haki ya kusema neno hapa. Mwaka 1951, mji ungali unaitwa Stanleyville, John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi Mto Ruiki, upande wa Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, kupiga The African Queen. Ruiki ulipewa kazi ya kujifanya Ulanga, mto wa Tanganyika, na haukulipwa kama mwigizaji. Filamu ikaingiza fedha, Bogart akapata Oscar yake pekee. Mwaka 1958 akaja Fred Zinnemann na Audrey Hepburn, ambaye hana undugu na yule wa kwanza, kupiga The Nun's Story. Nayo ilijaza kumbi, ikateuliwa kuwania Oscar nane, ikarudi nyumbani mikono mitupu. Hao ni samaki wawili wa asubuhi. Walivuliwa hapa, wakaliwa kwingine.

Inasimuliwa kwamba kule Ruiki boti yenyewe, ile African Queen, ilizama. Kijana wa huko alikuwa ameambiwa aiangalie. Akaiangalia. Ikaingia maji, akaiangalia. Ikashuka mpaka ikagusa matope, akazidi kuiangalia. Wageni waliigeuza hadithi ya kuchekesha, ikazunguka miaka na miaka. Mtu wa Kiswahili atauliza kwanza amri ilitolewaje, maana kuangalia si kulinda, na aliyeajiriwa kuangalia hana deni la kuogelea.

Samaki wa jioni alikuja baadaye sana. Peter Viertel, mwandishi aliyeitwa kusaidia mswada wa The African Queen, alitoka katika kazi ile na mambo moyoni, akayaandika riwaya mwaka 1953. Mwaka 1990 Clint Eastwood akaifanya filamu: White Hunter Black Heart. Iligharimu takriban dola milioni 24. Kumbi za Marekani zilirudisha milioni mbili na ushee. Katika kila dola kumi zilizotumika, haikurudi hata moja kamili. Kwa kudoda, huko ni kudoda kwa heshima.

Tena ilifanya bidii kudoda. Eastwood anaigiza mwongozaji aitwaye John Wilson, ambaye kila mwenye macho anajua ni Huston. Wilson kaja Afrika kupiga picha, lakini moyoni anataka kuua tembo tu, na kazi ya watu wote inasimama kungojea tamaa yake. Watazamaji waliomzoea Eastwood akifyatua risasi kabla ya kusalimia walikuta mtu anayeongea. Anaongea hotelini, anaongea mezani, anaongea porini, kwa sauti ya madaha iliyoigwa kwa Huston mwenyewe. Anapigana ngumi mara moja, na meneja wa hoteli aliyemnyanyasa mhudumu Mwafrika, na anayekula kipigo ni yeye steringi. Tembo anapotokea hatimaye, mwindaji hafyatui. Anayekufa ni Kivu, mfuata nyayo aliyemwongoza msituni. Ngoma zinapeleka habari kijijini. Wilson anarudi kwenye kambi ya picha, anaketi kitini mbele ya kamera, na kwa sauti iliyokauka anatoa amri ya kuanza kazi. Filamu inakatikia hapo. Hakuna busu wala machweo.

Kivu huyo ni wa kubuni, na picha zote za Afrika zilipigwa Zimbabwe, upande wa Kariba, kwa hiyo Ruiki haukupata hata kazi ya pili. Hata hivyo, kati ya filamu zote zilizotokana na safari ile ya 1951, ni hii iliyokosa wateja iliyothubutu kuuliza kuhusu watu waliobeba mizigo. Ile iliyofaulu ina boti, gini na mapenzi ya watu wazima. Ni nzuri, hakuna anayebisha. Ila mwenyeji wa mto katika filamu ile ni mandhari, kama mamba.

Anayedhani mapato ni hakimu mwadilifu atazame upande wa pili. Mwaka 1995 ilitoka filamu iitwayo Congo, jina la nchi nzima. Ina sokwe anayezungumza kwa msaada wa mashine, ambaye ndani yake kuna mtu, na sehemu ya msitu wake ni Costa Rica. Iligharimu dola milioni 50 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 150. Kwa hesabu za Hollywood hiyo ndiyo Kongo iliyofanikiwa.

Zipo pia zilizododa kabla ya kuzaliwa, na hizo ndizo zenye adabu kuliko zote. Joseph Conrad alifika hapa penye maporomoko mwaka 1890 kwa meli ndogo iitwayo Roi des Belges, na kituo cha mwisho katika kitabu chake kuhusu mto huu kinatokana na mahali hapa. Orson Welles, kijana wa miaka 24, alipoitwa na studio ya RKO mwaka 1939, alitaka kuanza na kitabu hicho, kamera ikiwa jicho la msimulizi toka mwanzo hadi mwisho. RKO ilipiga hesabu, ikaona gharama zinapita dola milioni moja, ikafunga daftari. Kwa kukosa Kisangani, Welles akajiliwaza na Citizen Kane. Nayo ilipotoka 1941 iliitia RKO hasara, na baadaye wahakiki wa kimataifa wakaiweka namba moja duniani kwa nusu karne. Studio ilikimbia hasara ya Kongo, ikaangukia hasara ya nyumbani.

Sifa, hata hivyo, zisigawiwe kama mchele wa msaada. Kuna filamu iliyododa kwa haki. Sheena, ya mwaka 1984, ilipigwa Kenya kwa dola milioni 25 na ikapata chini ya milioni sita. Ni hadithi ya msichana wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu anayelelewa na kabila ambalo halimo katika ramani yoyote. Anapanda pundamilia. Pundamilia hakubali kupandwa, jambo ambalo mchungaji yeyote wa Laikipia angewaambia bure, basi wakamchukua farasi wakampaka mistari. Ukisimamisha picha wakati mnyama anakuja mbio, utaona shingo nene ya farasi, masikio ya farasi na rangi ya dukani. Lakini tazama anayeigiza mganga wa kabila: ni Elizabeth Bagaya, binti wa kifalme wa Toro, mwanasheria, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uganda mwaka 1974 chini ya Idi Amin. Amesimama katikati ya upuuzi ule, mgongo wima, kama mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao vibaya zaidi. Filamu iliyofaulu isingempa mtazamaji nafasi ya kumwona. Angekuwa ameshikwa na hadithi.

Na iko iliyododa kwa dhuluma. Queen of Katwe ya Mira Nair, mwaka 2016, inamhusu Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi wa Katwe, Kampala, aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji. Lupita Nyong'o ni mama yake, David Oyelowo ni mwalimu, na Phiona anaigizwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala ambaye hakuwahi kuigiza filamu. Hakuna mzungu anayekuja kuokoa mtu. Wahakiki waliipenda karibu wote. Disney ilitoa dola milioni 15, ikarudishiwa kumi na kidogo. Hiyo tofauti ndiyo bei ambayo dunia ilikataa kulipa ili kuuona mtaa wa Kampala bila bunduki.

Hekima ya samaki wa jioni ilithibitishwa Marekani kwenyewe. It's a Wonderful Life ya Frank Capra ilitia hasara ya zaidi ya dola nusu milioni ilipotoka 1946. Ikasahaulika kiasi kwamba mwaka 1974 wenyewe hawakuhuisha hakimiliki yake. Vituo vya televisheni vikagundua kuna kitu cha kuonyesha bila malipo, vikaionyesha kila Krismasi mpaka taifa zima likaamini limeipenda tangu utotoni. Ingefanikiwa, ingefungiwa kabatini na kukodishwa ghali.

Huku kwetu hakuna aliyengoja hakimiliki iishe. Katika kumbi za video, za mabenchi na jenereta nje, habari za mapato ya wiki ya kwanza hazijawahi kufika. Jalada halisemi filamu ilipata hasara ngapi. Linasema nani anapigana. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza alichoona kimepungua. Kenya yuko DJ Afro. Kampala kazi hiyo ni ya akina VJ Jingo. Mikononi mwao filamu iliyozikwa Los Angeles hufufuka na matusi mapya, na mara nyingi hadithi bora kuliko ile ya mwandishi. Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alikata mzizi kabisa: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inasemekana haikufikisha gharama ya dola 200. Filamu ya namna hiyo haiwezi kudoda. Itapoteza nini?

Kuna jambo moja lisilofaa mzaha. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata kwa kamera majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu. Walipanda boti, wengine kwa magongo, wakashuka na mto hadi Kinshasa kudai fidia. En route pour le milliard ikawa filamu ya kwanza ya Kongo kuingia katika uteuzi rasmi wa Cannes. Uteuzi huo ulikuwa wa mwaka 2020. Tamasha halikufanyika, kwa sababu ya korona. Filamu hiyo haikudoda. Ilinyimwa hata soko la kudodea.

Basi wewe mwenye ukumbi wa video, uwe Mangobo, Kabondo au ng'ambo Lubunga: ikipatikana wiki moja siku isiyo na mechi, weka ya Hamadi saa kumi, watu wa mji wajione. Usiku ukiingia weka White Hunter Black Heart, na awepo mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili chetu, hasa pale mwindaji anapokosa la kusema. Kiingilio kiwe bei ya samaki wa jioni.